Siku ya somo wanapata, baada ya wiki mbili wamesahau: kosa ni la mbinu shirikishi?

Swali: Shikamoo mkufunzi. Nafundisha Hisabati Darasa la Tano, nina wanafunzi 87 katika chumba kimoja. Kwenye mafunzo kazini tulielezwa kwamba mtaala wa umahiri unamtaka mwalimu awe mwezeshaji tu, watoto wagundue wenyewe kwenye vikundi. Nikafanya hivyo katika kujumlisha sehemu. Siku ile vikundi vyote vilipata. Wiki mbili baadaye nikatoa jaribio, zaidi ya nusu ya darasa wakaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Je, nirudi kwenye chaki na maelezo? Na nikiwapa marudio kila siku, si ndiko kukaririsha tunakokatazwa?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Hapo kuna maswali mawili: jambo jipya linaingiaje kichwani, na likishaingia linabakije. Mjadala wa vikundi dhidi ya chaki unahusu lile la kwanza. Jaribio lako limekuonyesha shida kwenye la pili.

Tuanze na hiyo 2/5, maana haikutoka hewani. Mtoto amejumlisha 1 na 1 akapata 2, kisha 2 na 3 akapata 5. Haoni sehemu mbili. Anaona namba nzima nne, mbili juu na mbili chini, na anazifanyia alichozoea tangu Darasa la Kwanza. Siku ya somo alitafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) kwa sababu hatua zilikuwa bado ubaoni. Ubao ulipofutwa, akarudia anachokijua zaidi. Mtoto wa namna hii ukimwambia "umekosea, tafuta KDS", atalifuta jibu lake na kunakili jingine. Mchoree mstatili wenye vyumba 10 umuulize: nusu ni vyumba vingapi? Vitano. 2/5 je? Vinne. Sasa, ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ukabaki na pungufu ya nusu? Wengi hucheka wenyewe. Hapo ndipo 3/6 + 2/6 inapata maana, kwa kuwa ameshaona kwamba vipande visivyolingana havihesabiki pamoja.

Kuhusu vikundi "vyote vilipata", nina mashaka. Katika kikundi cha watoto wanane, wawili hukokotoa, mmoja huandika kwa mwandiko mzuri, waliobaki husubiri. Jibu sahihi la kikundi halikuambii nani anajua. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi kukagua walimu wanafunzi, na hali ni hiyohiyo hata chumba kikiwa na watoto 40.

Wazo la kujifunza kwa kugundua lilipewa nguvu na mwanasaikolojia Jerome Bruner wa Marekani mwaka 1961, na ni wazo zuri. Lakini Bruner huyohuyo, pamoja na David Wood na Gail Ross, mwaka 1976 alieleza jinsi mtu mzima anavyomsaidia mtoto hatua kwa hatua, akipunguza msaada kadiri mtoto anavyoweza. Kwenye semina zetu nusu hii ya pili husahaulika. Mwaka 2006 watafiti Kirschner, Sweller na Clark walikwenda mbali zaidi: anayeanza mada akiachwa na maelekezo machache hulemewa, kwa kuwa akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Hebu hesabu anachotakiwa kushika mwanafunzi wako: asili (namba za chini) mbili, kigawe chake, kiasi (namba ya juu) kipya cha kila sehemu, na juu ya hayo jedwali la kuzidisha ambalo pengine bado linamsumbua. Kwa hiyo ndiyo, rudi kwenye chaki siku ya kwanza. Toa mifano miwili au mitatu iliyokokotolewa kikamilifu, kisha mfano uliokosa hatua ya mwisho waumalizie, kisha uliokosa hatua mbili. Vikundi walete baadaye, wakiwa na kitu cha kujadiliana. Umahiri unataja kile mtoto anachotakiwa kuweza kufanya mwishoni. Haujakuharamishia kueleza.

Sasa kubaki. Mwaka 2007 watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu, huko Marekani, kukokotoa ujazo wa maumbo manne. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja mpaka yakaisha, ndipo likaenda jingine. Kundi la pili lilichanganyiwa maswali ya maumbo yote. Wakati wa mazoezi, waliopangiwa umbo mojamoja walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye mambo yakageuka: waliochanganyiwa 63, wenzao 20. Wale wa kwanza hawakuwahi kujiuliza "hili ni swali la aina gani?", maana kichwa cha zoezi kilishawaambia. Ndivyo vitabu vyetu vya Hisabati vilivyopangwa kwa sehemu kubwa.

Ninachokushauri ni hiki. Mwanzo wa kipindi, andika maswali manne ubaoni: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, na moja lolote la zamani. Kwa mfano 1/2 + 1/3. 3/7 + 2/7. 3/4 ya 20. Ipi kubwa, 2/5 au 1/2? Madaftari ya zamani yafungwe, kila mtu peke yake, kimya. Kwa watoto 87 usikusanye madaftari, utakesha. Pita katikati ya madawati, chagua majibu mawili yaliyokosewa kwa namna tofauti, yaandike ubaoni bila jina, muulize darasa mwenzao alifikiri nini. Alama za maswali haya usiziingize kwenye tathmini endelevu. Zikiingia tu, wataanza kuchungulia kwa jirani, nawe hutajua tena nani amesahau.

Swali la kukaririsha nalichukulia kwa uzito, kwa sababu lina historia. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilalamikia mitihani inayopima uwezo wa kumeza mambo na kuyatoa kwa saa iliyopangwa. Lawama ile ilikuwa ya haki. Ila aliyelaumiwa ni yule anayetaja kanuni bila kujua inatumika wapi. Swali lililochanganywa halijibiki namna hiyo: mtoto lazima achague njia kabla hajaanza kukokotoa. Isitoshe, kukumbuka hakujawahi kuwa adui. Walimu wa Qur'ani wanajua kwamba mwanafunzi aliyehifadhi juzuu mpya bila muraja'a (kurudia) ya zile za nyuma atazipoteza, na hupanga siku zake kwa kuzingatia hilo.

Jiandae kwa jambo moja. Wiki za kwanza alama zitakuwa mbaya kuliko ulizozoea, na mwalimu mkuu akipita ataona darasa linalokosea. Mweleze mapema, kabla hajauliza. Kwenye andalio la somo, maswali hayo yaweke katika utangulizi, dakika 5 kati ya 40, kwa namba za mada yanakotoka, ili mdhibiti ubora akija asidhani umepotea njia. Zile sehemu zenye asili tofauti zirudishe kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki, kisha wiki tatu. Ukiona bado 2/5 inajitokeza kwa watoto walewale, wakague jedwali la kuzidisha kwanza.