Maswali ya Wasomaji: Boga Darasani, Maumbo Mkononi

SWALI: Wahariri, salaam. Nafundisha darasa la awali hapa Dunda, Bagamoyo. Nina watoto 30 wa miaka 4 hadi 6. Nimeona picha za Wamarekani wakichonga maboga mwezi wa Oktoba, macho ya pembetatu na meno ya mraba, nikatamani kuyatumia kufundishia maumbo. Ila nahofia kisu, na sijui watoto watafanya nini wakati mimi nachonga. (Mwalimu wa awali)

JIBU: Salaam, mwalimu. Kisu kibaki mkononi mwako peke yako, na watoto wakae mkekani mbali na meza. Hawatakosa kitu, kwa sababu somo haliko kwenye kukata. Liko wanapoweka pembe kabla hujakata, na wanaporudisha kipande kwenye tundu lake ukishamaliza.

Maboga 5 yanatosha, watoto 6 kwa boga. Tafuta la kilo 3 au 4 lenye ganda laini. Yenye mifereji mirefu yaache sokoni: mstari ukivuka mfereji unapinda, halafu mtoto anaambiwa huu ni mraba huku jicho lake linakataa. Maboga yetu mengi yana nyama nene kuliko yale yanayolimwa Marekani kwa ajili ya kuchongwa, ndiyo maana kisu hukwama. Kata kitako, si juu. Toa mbegu, kisha kwangua kwa kijiko cha chuma hadi ukuta ubaki kama sentimita 2 upande utakaochonga. Ukizidisha kukwangua, ganda linalegea na kubonyea.

Futa ganda likauke, la sivyo wino utateleza. Mpe mtoto maka peni, lakini usimwambie “chora pembetatu”. Mwambie aweke nukta 3 zisizo kwenye mstari mmoja, kisha aziunge. Kwa mraba, nukta 4. Watoto wengi huweza kunakili duara wakiwa na miaka 3 hivi, mraba karibu na 4 au 5, na pembetatu huchelewa hadi 5, kwa kuwa mistari ya mshazari ni migumu kwa mkono mdogo. Akishindwa kuunga, muungie wewe, yeye ahesabu pembe.

Duara halina pembe, na ndilo linalosumbua kisu. Kandamiza mdomo wa kopo dogo la nyanya upate alama, kisha ukate kidogo kidogo ukiufuata mviringo. Tumia kisu chembamba chenye meno, ukikiendesha kama msumeno na kukilaza kidogo, ili kipande kiwe kipana nje na chembamba ndani. Ukikata wima, kipande kinadumbukia ndani ya boga na mchezo umekwisha. Kati ya tundu na tundu acha sentimita 2. Meno hukatika kwa sababu watu huyabananisha.

Sasa mchezo wenyewe. Kabla ya kukata, pima kwa rula: mraba wa sentimita 4 kila upande, pembetatu ya 5 kila upande, mstatili wa 3 kwa 6. Tia nukta kwenye pembe moja ya kila kipande, kisha mtoto akizungushe na kukirudisha tunduni, ganda likiwa nje, ahesabu njia zote kinavyoingia. Mraba utaingia kwa njia 4, pembetatu kwa 3, mstatili kwa 2 tu. Duara litaingia vyovyote. Hakuna picha ya kitabuni inayoweza kumpa mtoto jambo hili. Kipande kikigoma, punguza nyuzi za pembeni. Mchezo uwe siku hiyohiyo, maana kesho yake vipande vimesinyaa.

Tena, chonga pembetatu moja kichwa chini na mraba mmoja uliosimama kwa pembe. Watoto wengi watakataa kuwa ni maumbo yaleyale, kwa sababu vitabu huyachora yamekaa vilevile kila siku. Wakizoea, wapeleke ufukweni watazame tanga la jahazi, au kwenye milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo wahesabu mistatili.

SWALI: Wazazi wengine watasema tunaleta mambo ya mizimu shuleni. Nijibu nini?

JIBU: Usichonge sura. Sura hizo za maboga ni za Halloween, desturi ya tarehe 31 Oktoba. Ireland na Scotland walichonga tanipu, mboga ya mzizi wa mviringo, na wahamiaji walipofika Marekani wakahamia kwenye maboga. Wewe huhitaji hata kimojawapo, wala tarehe. Nunua maboga yanapokuwa rahisi, somo liitwe maumbo.

SWALI: Si ni kuharibu chakula? Na joto letu hili, boga litadumu?

JIBU: Nyama uliyokwangua ipikwe siku hiyohiyo kwa tui la nazi. Mbegu zioshwe, zianikwe, zikaangwe kwa chumvi. Vipande vyenye wino vilivyoshikwashikwa na darasa zima viende kwenye mboji.

Boga lenyewe usilitegemee zaidi ya siku 2 au 3 kwa joto na unyevu wa pwani. Lifute ndani kwa siki, liweke kivulini penye upepo. Ukitaka mwanga upite kwenye matundu, weka tochi ndogo chini yake, si mshumaa: ukiacha hatari ya moto, joto lake huipika nyama ya ndani na kuharakisha kuoza. Likianza kuvuja maji kitakoni au kuota ukungu, litoe darasani.