Kabla hujauza mdoli wako, mgeuze uangalie unyayo

Ukishinda kwenye vibanda vya sanaa vya Buganda Road, Kampala, utawatambua wakusanyaji wa midoli bila kuambiwa. Mtalii wa kawaida hutazama sura, huuliza bei, huomba apunguziwe. Mkusanyaji humpindua mdoli miguu juu na kuchungulia unyayo. Asipoona kitu, humrudisha mezani kwa adabu na kusogea kibanda cha jirani. Mimi nashona midoli ya lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti, na kitenge, na akina dada wanaoanza huniuliza zaidi habari za bei. Jibu langu ni lile lile: jina na namba kwanza, bei baadaye.

Somo hili nimelipata kwa mama mmoja wa Kijerumani, Käthe Kruse, aliyezaliwa 1883 huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław ya Poland. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani Berlin. Mwaka 1905 binti yake mkubwa alitaka mdoli, lakini baba wa mtoto, Max Kruse, mchongaji sanamu, akagoma kununua. Midoli ya madukani ilimchukiza, akamwambia Käthe ajitengenezee. Mama wa watu akachukua taulo, akalijaza mchanga, akafunga mafundo kwenye pembe yawe mikono na miguu, na kichwa akaweka kiazi. Kiazi! Sisi tuliobeba mgongoni midoli ya makavu ya mgomba hatuna cha kumcheka.

Mwaka 1910 duka la Tietz mjini Berlin liliandaa maonyesho ya vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani, naye akapeleka vyake. Sifa zikaenea, na mwaka uliofuata ikaingia oda ya midoli 150 kutoka Marekani. Hapo katikati alijaribu kuwapa kazi Kämmer & Reinhardt, watengenezaji wakubwa wa midoli, lakini ubora haukumridhisha, akairudisha mikononi mwake. Mwaka 1912 akahamia Bad Kösen na kufungua karakana: miili ya kitambaa iliyoshindiliwa manyoya ya wanyama, nyuso zilizopakwa rangi kwa mkono, na kwenye unyayo wa kushoto, jina lake na namba.

Namba hizo ndizo zinazowapa wakusanyaji raha hadi leo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Bad Kösen ikaangukia upande wa Wasovieti, na kampuni ikahamia Donauwörth, Ujerumani Magharibi. Käthe mwenyewe alifariki 1968. Anayejua kusoma alama za mdoli anaweza kukisia ni wa karakana ipi na wa zama zipi, na bei hufuata hapo. Mdoli mzuri asiye na alama hubaki mdoli mzuri tu.

Alama ina kazi nyingine. Kampuni ya Bing ya Nuremberg ilipouza midoli iliyofanana mno na yake, Kruse alikwenda mahakamani, na 1925 akashinda. Mdoli ukatambuliwa kuwa kazi ya sanaa yenye mwenyewe. Sisi Uganda tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2006, na kazi yako inalindwa tangu unapoikamilisha. Hata hivyo nenda URSB, ofisi ya serikali ya usajili, uisajili, maana kwenye ugomvi ushahidi ndio unaosema. Piga picha za kila hatua, zenye tarehe.

Sasa vitendo. Usiandike moja kwa moja juu ya lubugo, wino unasambaa na namba 3 inageuka 8. Shona kipande kidogo cha pamba nyeupe chini ya unyayo, andika kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha ufue kipande cha majaribio kwa sabuni uone kama unahimili. Namba zisianze upya kila mwaka. Weka daftari gumu, si simu peke yake: namba, tarehe, lubugo umetoka wapi, mnunuzi ni nani ikiwa amekubali kuandikwa.

Utasumbuliwa. Mwenye duka mmoja aliniambia atachukua mzigo wote, ila niache unyayo mtupu aweke lebo yake. Nikapanda boda na mzigo wangu. Njaa ikibana, mshonee mtu kama huyo vikapu au mikoba, lakini midoli usimpe.

Na kama una wasaidizi, namba iwe moja ya karakana nzima, lakini daftarini andika nani alishona mwili na nani alipaka uso. Mnunuzi akirudi kutafuta ndugu wa mdoli wake, atauliza hasa habari za uso, na utapenda umpe kazi mkono ule ule.