Chumvi ya boroni kwenye asetoni: inayeyuka au inamumunyika?

SWALI: Natafsiri maelekezo ya maabara kwa wanafunzi wa kemia, namna ya kutengeneza potasiamu feniltrifluoroborati, chumvi yenye boroni. Niliandika: "Yeyusha unga kwa asetoni ya moto, chuja, ongeza etha, chuja tena, kausha." Mhariri amefuta "yeyusha" na kuweka "mumunyisha". Nani yuko sahihi? Na chumvi za aina hii niziite kemikali au vitendanishi?

JIBU: Sukari huyeyuka kwenye chai, siagi huyeyuka juani. Kiswahili cha kila siku kina kitenzi kimoja kwa mambo hayo mawili, na hakuna aliyeharibu chai kwa sababu hiyo. Kwa hiyo hukukosea sarufi. Tatizo ni kwamba sentensi yako ina moto na kimiminika kwa pamoja, na "yeyusha" haisemi ni kipi kinachofanya kazi. Mwanafunzi anaweza kuupasha unga mkavu akingoja ugeuke maji. Atangoja sana: chumvi hii haiyeyuki kwa joto hadi ipite nyuzi 200 za Selsiasi, ilhali asetoni huchemka kwenye nyuzi 56 tu na mvuke wake hushika moto upesi.

Hapo namuunga mkono mhariri. "Mumunya" tunaijua kwa pipi: unaiweka mdomoni, huitafuni, inaisha yenyewe ndani ya mate. Vitabu vya shule vimekwisha kutupa "mmumunyo", yaani kimiminika chenye kitu kilichopotelea ndani yake, basi kumumunyika na kumumunyisha vinafuata bila kulazimishwa. Acha "yeyuka" kwa kitu kigumu kinachogeuka kimiminika kwa joto peke yake. Na kimiminika kitajwe kila mara, kwa sababu unga huohuo unaomumunyika katika asetoni hukataa kabisa katika etha, na ndiyo maana etha imo humo.

Ila kitenzi kilichonitia wasiwasi zaidi ni kile ambacho mhariri hakukigusa: "chuja". Ukichuja tui, unachotaka ni kile kilichopita, chicha unatupa. Ukichuja chai, majani yanakwenda jaani. Msomaji wa Kiswahili akiona "chuja" bila maelezo, mkono wake unaelekea kwenye kilichopita. Sasa angalia kinachotokea mezani.

Kwa milimoli 10 (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli) unachukua gramu 1.22 za asidi ya fenilboroni ndani ya methanoli, unaongeza gramu 2.58 za bifluoridi ya potasiamu (KHF₂) iliyomumunyishwa katika maji, yaani moli 3.3 kwa kila moli 1 ya asidi. Unakoroga, kisha unaondoa methanoli na maji hadi ubaki unga mkavu. Unga huo ni mchanganyiko: chumvi unayoitaka, pamoja na floridi ya potasiamu na bifluoridi iliyozidi. Asetoni ya moto huchukua ya kwanza na kuziacha hizo nyingine. Mchujo wa kwanza basi ni kama tui: kilichopita ndicho chako. Unakipunguza kwa kuvukiza, unatia etha, na chumvi inajitenga kama unga mweupe. Mchujo wa pili umegeuka: kilichopita kinakwenda kwenye chombo cha taka, mashapo, yaani unga uliobaki kwenye chujio, ndiyo mali. Mwanafunzi aliyezoea tui atamwaga kazi yote ya siku, ambayo haizidi gramu 1.84 hata mambo yakienda vizuri.

Ningeandika hivi: "Mumunyisha unga mkavu katika asetoni ya moto, ukipasha kwa beseni la maji ya moto, si kwa moto wazi. Chuja, tunza mmumunyo, weka kando mashapo. Punguza asetoni, ongeza etha hadi unga mweupe ujitenge. Chuja tena, safari hii tunza mashapo." Ni ndefu kuliko yako, na iache iwe ndefu.

Ongeza pia kwamba bifluoridi hula kioo. "Kula" ndilo neno lake, kama kutu inavyokula bati. Chupa huingia ukungu. Itumike chupa ya plastiki, glavu zivaliwe, na jeli ya kalsiamu glukonati, dawa ya huduma ya kwanza, iwe karibu, kwa kuwa bifluoridi ikikutana na maji hutoa asidi ya haidrofloriki, ambayo huweza kupenya ngozi kabla maumivu hayajaanza.

Kuhusu swali la pili: "kitendanishi" ni jina la kazi, yaani dutu inayoingia kwenye mmenyuko, kama "abiria". Mtu ni abiria akiwa safarini. Katika maelekezo yako vitendanishi ni asidi ya fenilboroni na bifluoridi; trifluoroborati ndiyo zao la mmenyuko. Ikipelekwa kwenye muunganiko wa Suzuki (mmenyuko wa kuunganisha kaboni na kaboni), pamoja na kichocheo cha paladi na kabonati ya potasiamu, yenyewe inakuwa kitendanishi. Wakemia huipenda kwa kazi hiyo kwa sababu haibadiliki chupani, wakati molekuli za asidi ya fenilboroni huungana tatu-tatu zikitoa maji, na uzito unaousoma kwenye mizani ukakudanganya idadi ya moli. "Kemikali" ni sahihi popote, ila haisemi chochote.

Jambo dogo la mwisho: nimeona mahali kwenye maelekezo yako umeandika "asidi ya boriki" ukimaanisha asidi ya fenilboroni. Ya boriki haina kaboni hata moja, na wengi wanaijua kama dawa ya mende. Badilisha kote.