Mdhamini Anamlinda Nani?

Tororo, Uganda, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Mama yako anasumbuliwa na magoti tu, mvua ikinyesha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na zile karatasi ulizopiga picha kijana wa jirani amenikuzia maandishi kwenye simu yake mpaka nikazimaliza. Unauliza: "Baba, serikali ya Marekani ikinidhamini kwa benki ninunue nyumba huku mashambani, si ndiyo kusema nikikwama italipa yenyewe?"

Hapana, binti yangu.

Unaukumbuka mwaka ule uliporudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nikakwambia mshahara umechelewa? Haukuchelewa. Nilikuwa nimemsainia askari mwenzangu kwenye Sacco yetu. Akachukua milioni nne, akahamishwa, akaacha kazi, simu ikazimwa. Mwezi uliofuata nikaona mstari mpya kwenye karatasi ya mshahara: makato, 180,000. Mstari ule ulikaa miezi kumi na minne. Sacco haikupoteza hata shilingi. Mimi ndiye niliyemfuata yule bwana hadi kwao Pallisa, na nilipompata alinilipa mbuzi wawili na matusi.

Sasa rudi kwenye karatasi zako. Idara ya Kilimo ya Marekani (nimecheka, maana wewe hata kunde hujawahi kupalilia) inaiambia benki: mkopeshe huyu hata kama hana kianzio, ukipata hasara nitakufidia, hadi asilimia 90 ya mkopo. Kwa hiyo benki ndiyo inayolala usingizi. Wewe ukishindwa, nyumba inauzwa. Pengo likibaki, idara inaifidia benki, kisha inakugeukia wewe. Kwenye fomu ya maombi utaona unakubali kwa sahihi yako kwamba idara ikilipa hasara hiyo, utairudishia. Pale ndipo nilipowakumbuka wale mbuzi.

Tena mdhamini wako ana bei. Kwa mkopo wa dola 150,000, ada ya mwanzo ni asilimia 1, yaani dola 1,500, nayo inaweza kuongezwa kwenye deni. Halafu kila mwaka asilimia 0.35 ya deni lililobaki, kama dola 44 kwa mwezi hapo mwanzoni. Mimi sikununuliwa hata soda.

Lakini sisemi ukatae. Miaka 30 kwa riba ileile! Nikiwaambia wazee wenzangu hapa watadhani nimekunywa. Kwetu riba ya mkopo wa nyumba mara nyingi inapita asilimia 15, na benki inataka hati ya ardhi kwanza, nawe unajua shamba la babu yako ni la kimila, mipaka yake ni miembe. Zile fedha za PDM, mpango wa serikali yetu wa kuinua kaya maskini, milioni moja kwa kaya kwa riba ya asilimia 6, ni za kuku na mahindi, hazipandishi ukuta.

Masharti yao yamenyooka. Mji wenye watu zaidi ya 35,000 haumo. Kadi yako ya kijani inatosha. Kipato cha nyumba kisizidi asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo, na wanahesabu watu wazima wote wanaoishi humo, kwa hiyo binamu yako anayelala sebuleni naye umtaje, mshahara wake na wa kazi ya usiku. Na nyumba lazima uikae mwenyewe. Ule mpango wako wa kununua, kupangisha, kisha kumfuata dada yako mjini, uuache.

Kitu kimoja hukunitumia: kodi ya nyumba ya kila mwaka na bima yake. Hivyo vinapanda hata kama riba imetulia, na huko kwenu theluji inakula paa. Vitafute vyote viwili, uvijumlishe na lile rejesho la mwezi, uvipime na pango unalolipa sasa. Wafanye wakupe kwa maandishi.

Nipigie Jumatano saa mbili usiku ya huku, karatasi zikiwa mbele yako. Kalamu iache mezani mpaka tuzungumze.

Baba yako