Jibu: Miili nayo inabadilika, si mila peke yake

Ndugu yangu, umeuliza kama miili yetu bado inabadilika kizazi hadi kizazi, au siku hizi ni mila tu. Inabadilika, na ushahidi tunao hapa hapa Pwani. Mwaka 1954 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi jeni (chembe ya urithi) ya selimundu, ugonjwa wa damu, kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Wenye kinga hiyo huokoka na kuwarithisha watoto wao; ndiyo maana jeni hiyo imeenea penye malaria nyingi, Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali katika nyanda za juu zenye baridi ni adimu. Lakini kinga hiyo ina gharama chungu: mtoto akiirithi kwa baba na mama, chembe nyekundu za damu yake hupinda kama mundu na kuziba mishipa, na maumivu yake hayasemeki. Wachumba, pimeni damu kabla ya nikaha, nawasihi.

Mila huenda mbio zaidi kwa kuwa hazisubiri uzazi. Mtu hufunzwa na jirani, na mgeni, hata na mwanawe. Majahazi ya Uarabuni yaliyokuja na kaskazi, yakajaa Bandari ya Kale ya Mombasa, yamepungua ndani ya vizazi vichache tu. Jeni kuenea au kupungua hivyo huchukua vizazi vingi mno.