Siri iko kwenye kidole gumba cha bawa

Umeuliza ndege anawezaje kupunguza mwendo hadi karibu asimame hewani, na bado asianguke. Angalia pale bawa linapojikunja: kuna manyoya machache mafupi, mara nyingi 3 hadi 5, yaliyoota kwenye kidole gumba chake. Anapotaka kutua, huinua ukingo wa mbele wa bawa ili limnyanyue zaidi. Akizidisha, hewa inayopita juu hubanduka na nguvu ya kumnyanyua hupotea ghafla. Hapo manyoya yale hufunguka na kuacha upenyo mwembamba. Hewa inayopenya humo hukimbia ikishikamana na mgongo wa bawa. Ndege za abiria nazo zina vibamba kwenye ukingo wa mbele wa mabawa vya kazi hiyohiyo. Kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika bawa.

Manyoya marefu ya nchani, hasa ya tai na tumbusi, hutanuka kama vidole na kupunguza nguvu ya kisulisuli cha hewa cha hapo nchani, kinachomvuta ndege nyuma.

Mtazame njiwa akitua, utakiona kidole gumba hicho kikichomoza.