Funga daftari ujiulize: nilivyojifunza Kiitaliano hapa Malindi

Watu wengi huniuliza nilisomea wapi Kiitaliano, nikiwaambia sijakaa darasani hata siku moja wanaona kama nawaficha ama wanasema basi wewe una kichwa. Jamani sina kichwa kushinda mtu. Ubongo una njia yake ya kushika mambo, na wadogo zetu wengi wanakesha kila usiku wakifuata njia ambayo ubongo haushiki, halafu mtihani ukija wanaambiwa ni wazito. Hilo ndo linaniuma mpaka nimekaa kuandika.

Lakini kwanza tuitoe ile hadithi ya asilimia 10. Utaisikia barazani, utatumiwa kwa Wasap, ati binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo na akifungua zilobaki atakuwa jiniasi. Si kweli kabisa. Madaktari wakipiga picha za ubongo wanaona sehemu zote zina kazi, hata mtu akiwa amelala, na nyote mshaona mzee aliyepata kiharusi, kasehemu kadogo tu kamekosa damu na mkono umelala, maneno hayatoki. Ubongo wa mtu mzima ni kama kilo 1.3 hadi 1.4, yani asilimia 2 hivi ya mwili, lakini peke yake unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili hata ukiwa umekaa tu. Mwili hauwezi kulisha kitu cha gharama hivyo kikae bure.

Sasa kwa sababu ya gharama hiyo, ubongo hauweki kila kitu. Mjerumani mmoja Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu 1885 baada ya kujipima mwenyewe, alikuwa anahifadhi silabi zisizo na maana halafu anajijaribu baada ya muda, akaona sehemu kubwa inapotea saa za mwanzo mwanzo, kisha ile ilobaki inaondoka polepole. Hiyo ni kawaida, si ugonjwa, wala mtoto wako hajarogwa.

Swali ni je, unauambiaje ubongo kwamba hiki nakihitaji, usikitupe? Kwa kukitoa kichwani bila kuangalia. 2006 Roediger na Karpicke kule Marekani walichukua wanafunzi wakawapa habari wasome, wengine wakaisoma tena mara ya pili, wengine wakaambiwa funikeni muandike mnachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliosoma mara mbili walikumbuka kama asilimia 42, wale walojijaribu 56. Na hapo ndo penye mtego, manake ukirudia kusoma ukurasa unaona kila kitu unakijua, macho yanateleza tu, unalala na furaha yako, kumbe unachojua ni sura ya ukurasa.

Waangalie vijana wa bichi hapa Malindi, wanaowauzia vinyago watalii wa Kiitaliano. Wengine shule waliacha mapema lakini Kiitaliano kinawatoka utadhani wamezaliwa Milano. Mteja amesimama mbele yake, ameshika kile kinyago, anauliza bei, na kijana lazima alitafute lile neno sasa hivi, daftari la kuchungulia hana, akikosea mteja anacheka anamrekebisha na anaendelea, kesho anakutana na mwengine anaulizwa vilevile. Anajaribiwa kutwa nzima na anasahihishwa papo hapo, ndo siri yake.

Mimi nilianza kama weita na nikaiga hiyohiyo. Nilikata boksi za maji vipande vidogo, upande mmoja kijiko, upande wa pili cucchiaio, uma na forchetta, kisu na coltello, natia mfukoni. Kwenye matatu ya kutoka Mambrui kuja mjini natoa kimoja, naangalia upande wa Kiswahili, na hapa ndipo watu wanaharibu, wanageuza haraka. Usigeuze. Ngoja. Lile neno cucchiaio lilinisumbua sana, nilikuwa nakumbuka linaanza na "ku" halafu giza, tunavuka daraja la Sabaki bado nalitafuta, kichwa kinauma, ndo nageuza naliona. Ule uchungu wa kutafuta ndo wenyewe kazi, siku nzima halikutoki tena. Vile ninavyovijua naweka mfuko wa nyuma, naviangalia baada ya siku kadhaa, ninavyokosa vinarudi kesho asubuhi. Kuacha siku zipite katikati kunasaidia kuliko kubandika yote usiku mmoja, hata kama saa ni zilezile.

Na wazee wetu wa chuoni, yani madrasa, waliyajua haya zamani mno. Mwalimu hakuulizi umesoma mara ngapi, anakwambia haya soma, na unasoma kwa moyo mbele yake, ukikosea herufi anakurudisha hapohapo, na kabla hujapewa mpya unadurusi ya nyuma. Mtoto huyohuyo wa miaka 9 mwenye juzuu kadhaa kifuani akienda shule mchana anapaka daftari zima rangi ya manjano na kusema nimesoma. Mpeni njia ya chuoni kwenye bayolojia muone.

Usingizi pia jamani. Ukilala ubongo unarudia mambo ya mchana, kile kisehemu kinaitwa hipokampasi kinayapitisha upya ndo yanakaa sawa. Anayekesha na kahawa wiki ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, anadhani ameongeza saa, kumbe kafeini inaziba tu ile dalili ya uchovu, uchovu wenyewe uko palepale na kazi ya usiku haijafanyika. Simu nayo iwe chumba chengine, ubongo haufikirii mambo mawili mazito kwa pamoja, unarukaruka tu na kila ukiruka unapoteza.

Kina mama nawaomba sana, msiseme mimi sikusoma siwezi kumsaidia. Huhitaji kujua kemistri. Akimaliza kusoma chukua lile daftari, lifunge, mwambie haya mwanangu nieleze mimi ulichosoma, kwa Kiswahili chetu, kama unanieleza mapishi. Akikwama muulize kwa nini. Daftari likae mapajani kwako, usimrudishie upesi hata akilalamika, mwache atafute kwanza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ndo umpe aangalie pale alipokwama tu, afunge tena aanze upya. Na kesho kutwa muulize lilelile.